Wimbo wa Porini wa Ezell Threadgill

Madaktari wa Montgomery walimtoa Ezell Threadgill koromeo mwezi wa Juni, na kabla mahindi hayajakauka kila mfuga mbwa wa kaunti yetu alikwisha kuelewa maana yake. Saratani walikuwa wameiwahi. Mtu mwenyewe alikuwa hai, anakula, anatembea. Ila sasa alipumulia tundu lililo chini ya shingo, na akitaka kusema neno alibandika kidude cha umeme kwenye ngozi, sauti ikatoka kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo.

Mimi ni binamu yake, Roscoe. Nimestaafu kazi ya posta, na majira ya mashindano ya mbwa wa kware mimi ndiye ninayeendesha gari la mbwa, lile linalowafuata wapanda farasi na vizimba vyake. Mengine ya habari hii niliyaona kupitia kioo cha mbele cha gari hilo. Mengine nimeambiwa na Verdell, mkewe Ezell, ambaye hana tabia ya kutia chumvi.

Mbwa wa kware haongozwi kwa kamba. Anaachiwa asubuhi pamoja na mwenzake aliyepangiwa kwa kura, na kwa saa nzima anakimbia mbele huko, kupita misonobari na nyasi kavu, mpaka akinusa ndege anaganda kama sanamu, mguu mmoja juu, asisogee hata kware wakiruka usoni pake na bastola ya baruti tupu ikilia. Mara nyingi humwoni. Mwongozaji yuko nyuma sana juu ya farasi, na kinachowaunganisha ni sauti tu. Kila mwongozaji ana wimbo wake. Nasema wimbo kwa kukosa neno jingine, maana hauna maneno. Wa Ezell ulianza chini, kama mtu anayeugulia jino, ukapanda polepole, ukakaa juu hapo, halafu ukashuka kwa kukatika. Mbwa akiusikia hujua bwana wake yuko wapi na anaelekea wapi, naye huzidi kwenda mbele. Filimbi haikuwa dawa. Filimbi inataka pumzi ya kinywani, na pumzi ya Ezell haikupita tena huko.

Kwa hiyo Agosti, Bwana Castleberry, tajiri wa kuku wa Atlanta, aliwaondoa mbwa wake wote waliokuwa kwa Ezell. Aliyetumwa kuwachukua ni Harlan Boyd, kijana wa kizungu wa upande wa Midway, ingawa ujana wenyewe ulikuwa unamwishia. Harlan alikuwa mtafutaji wa Ezell kwa miaka kumi. Mtafutaji ndiye anayetoka pembeni kumsaka mbwa aliyeganda vichakani asionekane. Kazi yake haitaki kelele, inataka macho. Sasa Castleberry alikuwa amempa mbwa awaongoze mwenyewe.

Ezell alimsaidia kuwapakia.

"Mzee Ezell, mimi sikuomba," Harlan alisema. "Bwana Castleberry ndiye aliyenipigia."

Ezell alibandika kidude shingoni. "Najua. Huyo mweusi usimweke na Seneta. Watapigana."

Seneta ndiye aliyekuwa mkubwa wao, dume jeupe lenye masikio ya hudhurungi, lililokwisha kushinda mara nyingi mikononi mwa Ezell. Lilipanda garini bila kugeuka nyuma, kwa sababu kila lilipopanda gari maishani mwake Ezell ndiye aliyekuwa akiendesha. Gari likaondoka. Akabaki Shuga, jike dogo la Ezell mwenyewe, ambalo hakuna tajiri aliyewahi kulitaka.

Septemba nzima Ezell alihangaika. Alijaribu kugonga sufuria. Alijaribu honi ya boti, ile yenye kopo la hewa. Alipoibonyeza mara ya kwanza farasi alimtupa mtaroni, na Shuga akarudi nyumbani peke yake kwa njia ya barabara kuu, malori yakimpisha. Baada ya hapo aliacha kutoka. Alikaa jikoni.

Verdell hakuwa mtu wa mashindano. Kwake yeye majira ya kware yalikuwa matope sakafuni na mume asiyeonekana tangu Novemba hadi Machi. Alipika miaka mingi katika jiko la shule, na kanisani kwetu ndiye anayeanzisha nyimbo. Jioni moja, mikono imo kwenye povu la vyombo, alimwuliza mumewe, "Sheria yenu inasemaje? Lazima anayeimba awe mwenye mbwa?"

"Awe mwongozaji. Jina lake ndilo linaloandikishwa."

"Basi andikisha langu."

Ezell alimkodolea macho.

"Usiniangalie hivyo, Threadgill. Umekaa humu kama friji bovu. Siwezi kufungua kabati bila kuomba njia. Nitaimba mimi, wewe utakuwa mtafutaji."

"Hujapanda farasi tangu umzae Denise."

"Kwani farasi wamebadilika?"

Walijaribu kesho yake, kwenye konde la karanga lililokwisha kuvunwa. Verdell alipanda jike la farasi lililo pole kuliko wote, akajiweka sawa, akaimba. Aliimba anavyoimba kanisani, kwa kifua kizima. Shuga alisimama mbele huko, akageuka, akarudi mbio, akaketi chini mbele ya farasi na kuinamisha kichwa upande, akisikiliza kama mshirika wa kiti cha mbele.

"Umemwita madhabahuni," kidude kikasema.

"Basi niimbeje?"

Ezell alifungua kinywa. Kilichotoka ni hewa, nayo ilitokea shingoni. Akabandika kidude akajaribu kuufuatisha wimbo wake, kikavuma kwa sauti ile ile moja, juu haipandi, chini haishuki. Akakitia mfukoni.

Hapo ndipo Verdell alipogundua kwamba wimbo wenyewe haujui. Ameolewa na mtu miaka thelathini na kitu, na jambo ambalo mtu huyo alijulikana nalo kutoka hapa mpaka Tennessee yeye hakuwahi kulisikia. Nyumbani Ezell hakuimba. Kanisani alipoombwa aingie kwaya alisema hana sauti, na watu walimwamini.

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, Verdell aliendesha gari hadi kwa Harlan Boyd, kofia ya kanisani bado iko kichwani. Uani kwa Harlan mbwa wa Castleberry walikuwa wamefungwa kila mmoja kwa mnyororo wake, kila mmoja na pipa lake la kulalia, wakibweka wote kwa pamoja.

"Bi Verdell," Harlan alisema, akivua kofia. "Mzee hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja kuomba kitu, na ukininyima sitakulaumu. Ule wimbo wake wa porini. Wewe umeusikia miaka kumi."

Harlan aliizungusha kofia mikononi. "Mimi si mwimbaji, Bi Verdell."

"Sikuja kukuingiza kwaya."

Akatazama barabarani, kana kwamba Castleberry angeweza kupita muda ule ule. "Unajua nitakuwa na hawa kwenye mashindano ya Februari. Na ninyi mtakuja na Shuga."

"Najua. Ndiyo maana nikasema sitakulaumu."

Harlan alikohoa, akaimba. Verdell anasema sauti yenyewe ilikuwa mbaya, imekwaruza, lakini alisikia umbo lake: kule kuugulia, kule kupanda, kule kukaa juu, kule kukatika. Alisikia kingine pia, nacho ni ukimya. Kubweka kote kulikuwa kumekoma. Kila mbwa alikuwa amesimama juu ya pipa lake, masikio yamekaa mbele, na hakuna hata mmoja aliyemtazama Harlan. Wote walitazama barabarani.

"Umeona?" Harlan alisema. "Nilijaribu kuutumia. Wakinikaribia wananiangalia kama nimevaa koti la mtu."

Alimfundisha Jumapili hiyo na nyingine kadhaa zilizofuata. Siku ya kwanza Verdell aliporudi nyumbani alimkuta Ezell barazani. Hakumwambia alikotoka. Alisimama mbele yake akauimba wimbo mwanzo hadi mwisho. Ezell akaonyesha kwa mkono kwamba kule juu akae zaidi.

"Miaka yote hii," Verdell alisema, "mchungaji anakubembeleza uimbe, unamwambia huna sauti."

Ezell alitafuta kidude chake. "Kanisani hakuna kware."

Akacheka, mabega yakitikisika bila sauti. Verdell alimpiga na kofia, akaingia ndani kubadili nguo.

Novemba walitoka tena. Shuga alikuwa mbali, karibu na mstari wa misonobari, amesitasita hajui aende upande gani. Verdell aliimba. Mkia wa mbwa ukainuka, naye akashika ukingo wa msitu akazidi kwenda, vile vile alivyokuwa akienda mwaka uliopita. Ezell alishuka kwenye farasi akaanza kukaza mkanda wa tandiko ambao haukuwa umelegea. Alichukua muda.

Mashindano ya Februari yalifanyika kwenye shamba kubwa la kina Pruitt. Kura za kupanga jozi zilipigwa jioni katika ukumbi wa klabu, watu wakila kambale wa kukaanga na sukuma iliyoungwa kwa nyama ya nguruwe. Msimamizi alisoma jozi moja baada ya nyingine, akafika mahali akakwama.

"Seneta, mwongozaji Harlan Boyd," alisoma. "Pamoja na Shuga, mwongozaji Verdell Threadgill."

Watu walicheka, halafu wakaona hawajui wanachocheka. Mwongozaji mmoja wa Oklahoma akaita kutoka meza ya pili, "Ezell, mama umempeleka porini, wewe unabaki kupika?"

"Hapiki," Verdell alimjibu. "Nilishamjaribu. Kula samaki wako."

Harlan, aliyekaa karibu na mlango, aliacha chakula chake nusu.

Asubuhi ilikuwa ya baridi na jua, umande mweupe kwenye nyasi. Nilikuwa na abiria garini: Bwana Castleberry mwenyewe, kwa kuwa nyonga haikumruhusu tena kupanda farasi. Ni mtu mkimya, hana majivuno, anatafuna karanga za kuchemsha na kuweka maganda mfukoni mwa koti. Waamuzi wawili walitangulia, waongozaji wakawa kati, watafutaji na watazamaji nyuma yao, mimi mwisho kabisa. Mbwa wakaachiwa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Seneta alishika kushoto, Shuga kulia, kila mmoja na njia yake. Upepo ulikuwa upande wetu na Verdell aliimba kidogo tu, kwa sauti ya chini. Alipanda farasi kama mtu aliyebeba sinia la mayai, lakini alikaa. Kwenye pindo la konde la mtama Shuga aliganda. Verdell alishuka, jambo ambalo halikuwa zuri kutazama, akaingia kwenye nyasi akizipiga kwa mguu. Kware waliruka kwa kishindo kile chao. Akafyatua bastola. Shuga hakutikisa hata sikio.

"Safi," Castleberry alisema, kwa yeyote anayesikiliza.

Tulivuka kijito. Ng'ambo yake nchi inafunguka, vilima vidogo vya nyasi za rangi ya simba, misonobari hapa na pale, na Shuga alikwenda mbele akapotea machoni. Hapo Verdell alijaza kifua akauachia wimbo wote.

Sijausikia wimbo ule ukiimbwa vizuri vile. Ezell mwenyewe, na anisamehe, hakuwa na kifua hicho. Watazamaji waligeuza vichwa. Castleberry akaacha kutafuna.

Upande wa kushoto, mbali, Seneta alisimama. Aliinua kichwa. Kisha akakata konde moja kwa moja, mbio, mkia chini, akapita mbele ya farasi wa Harlan kana kwamba Harlan ni mti, akamfikia Verdell. Alimtazama juu. Akamwacha. Alipita katikati ya watazamaji akinusa farasi mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Ezell, akasimama ubavuni pa kiatu chake.

Ezell alitazama mbele. Mtafutaji haruhusiwi kumgusa mbwa wala kumwashiria, na huyu hata hakuwa mbwa wake tena. Mikono yote miwili ilishika hatamu juu ya tandiko. Nilikuwa karibu, nikaona vidole vilivyokaza.

"Seneta," Harlan aliita. "Seneta, twende. Twende, baba."

Mbwa hakusogea. Ikabidi Harlan arudi, amwondoe kwa kumwelekeza na farasi, kama mtu anayeswaga ndama. Waamuzi walitazama. Seneta alipoelekezwa mbele alikwenda. Verdell alisubiri, akaona mbwa yuko mbali ya kutosha, akaimba tena kwa ajili ya Shuga. Na Seneta akageuka tena, akaja njia ile ile.

Mwamuzi mmoja akasogeza farasi. "Bwana Boyd, mbwa wako akirudi nyuma mara nyingine, mfunge."

"Ndiyo, bwana," Harlan alisema. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Ule si wimbo wa Ezell?" Castleberry aliniuliza.

"Unafanana nao."

"Nani kamfundisha?"

"Sijui, bwana," nilisema, nami nilijua.

Verdell alinyamaza. Tulikwenda kilima kizima bila sauti yake, kisha kingine. Shuga hakuonekana. Ezell alimsogelea mkewe, farasi kwa farasi, akabandika kidude shingoni mbele ya watu wote.

"Imba."

"Siimbi."

"Mbwa atapotea."

"Nikiimba yule kijana amekwisha. Bosi wake yuko nyuma yetu kwenye gari. Kijana kanipa kitu chako, Threadgill, akijua kabisa nitakuja nacho kushindana naye."

"Tumekuja kushindana."

"Basi shindana. Mtafutaji ni nani leo? Si wewe? Nenda kamtafute."

Watazamaji waliokuwa karibu walijishughulisha na hatamu zao. Ezell aliinua mkono kumwomba mwamuzi ruhusa, akapewa, akapiga farasi teke akatokomea kulia kwenye mabonde.

Sehemu iliyobaki ya saa ile ilikuwa ndefu. Ni jambo geni kufuata mashindano ya mwongozaji aliyenyamaza. Mbwa wa Harlan, sasa kwa kuwa hakuna kinachomvuta, alikwenda vizuri, akapata kundi la kware karibu na bwawa, akasimama kama alivyosimama enzi zake. Harlan aliwarusha, akafyatua. Hakuonyesha furaha yoyote. Aliporudi kwenye farasi alimpita Verdell.

"Imba, Bi Verdell," alisema kwa sauti ya chini. "Usiniharibie dhamiri."

"Dhamiri yako si kazi yangu. Angalia mbwa wako."

Muda ulikuwa umekaribia kwisha kabisa tulipomwona Ezell. Alikuwa juu ya kilima upande wa kulia, mbali, amesimama kwenye vikanyagio vya tandiko, kofia imeinuliwa mkononi. Mtafutaji mwingine angepiga kelele, "Kasimama," na kila mtu angesikia. Yeye alikuwa na kofia tu. Sijui alikuwa ameishikilia juu kwa muda gani kabla ya mmoja wetu kugeuka.

Walikwenda mbio, mimi nikifuata kwa mashimo na visiki. Shuga alikuwa kwenye ukingo wa eneo lililochomwa moto, ameganda, mwili umelala mbele, kifua kinapanda na kushuka. Umande ulikuwa umekauka kila mahali isipokuwa chini ya kivuli chake. Verdell alishuka akaingia kwenye miiba. Alipiga huku, akapiga kule. Hapakuruka kitu. Sketi ya kupandia ilishikwa na miiba, akaivuta ikachanika. Akapiga tena. Hakuna.

Kware hawakai. Mbwa akisimama sana, wao hutembea kwa miguu kimya kimya wakaondoka chini ya pua yake. Mwongozaji mzoefu humgusa mbwa kichwani kumwambia atafute upya, naye mbwa hunyemelea mpaka awapate tena. Verdell hakuwahi kufika hapo katika mazoezi. Alisimama amepotewa, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Ezell yuko juu ya farasi wake hatua chache tu, lakini mtafutaji hafundishi, na mwamuzi amemkazia macho.

Verdell aliinama. Akaimba, si kwa nguvu, kwa sauti ya kumwimbia mtu aliye chumba kimoja nawe. Sehemu ya mwanzo tu ile, ya kuugulia. Shuga akashusha mguu. Akaanza kusogea, tumbo karibu na ardhi, hatua, kisha hatua, akapinda kuzunguka kisiki, akaganda tena. Nyuma yao Seneta alikuwa amefika. Nilishika pumzi nikitazama kama ataufuata wimbo. Hakuufuata. Alimwona mwenzake amesimama naye akasimama pale pale, kwa heshima, kama mbwa aliyefunzwa vizuri anavyopaswa.

Verdell akapita mbele ya pua ya Shuga, kware wakalipuka kutoka miguuni pake, wengi, wakatawanyika kwenye misonobari. Akafyatua bastola. Mbwa wote wawili walikuwa sanamu. Mwamuzi akatazama saa yake akasema muda umekwisha.

Hakuna aliyeshinda kati yao. Waamuzi walisema Shuga alikaa nje ya macho yao mno, na Seneta alimkimbilia mtu asiye wake, na yote mawili yalikuwa kweli. Kikombe kilikwenda Oklahoma, kwa yule wa samaki.

Castleberry hakungoja matokeo. Mara baada ya jozi ile alishuka garini akamwendea Harlan aliyekuwa akimwaga maji kwenye bakuli la mbwa.

"Nani kamfundisha yule mama?"

Harlan alisimama wima. "Mimi."

"Nakulipa uongoze mbwa wangu, wewe unawapa washindani silaha."

"Alikuja kuomba kitu cha mumewe, bwana. Sikuona pa kumkatalia."

Castleberry alimtazama Seneta akinywa. Nilidhani Harlan amepoteza kazi siku ile, na nadhani Harlan naye alidhani hivyo. Lakini katikati ya msimu mwongozaji humpati, na tajiri yule si mjinga.

"Mbwa huyu ana miaka tisa," alisema mwishowe. "Hanifai tena, na wewe hatakusikia kamwe. Mpeleke kwa Ezell. Hao wengine baki nao, ila uwape sauti moja waijue. Leo nimeaibika."

Harlan alimpeleka Seneta wiki ile ile. Ezell alimpokea getini, na kabla ya salamu alibandika kidude akamwambia, "Wimbo wangu hukuuweza. Acha kuimba. Ita tu, kama unaita nguruwe."

"Kama naita nguruwe, Mzee?"

"Baba yako alifuga nguruwe. Hiyo ndiyo sauti uliyonayo."

Ndivyo alivyofanya. Ni kelele mbaya kuliko zote zinazosikika porini huku, na msimu uliofuata mbwa wa Castleberry walikwenda nayo nusu maili bila kugeuka. Verdell naye aliendelea. Alipata kikombe kidogo Georgia, ambacho ametilia vijiko, na sasa anabishana na waamuzi kuhusu mambo ambayo mwaka juzi hakujua yana majina. Ezell humtafutia mbwa. Wakirudi nyumbani hugombana garini njia nzima kuhusu kichaka kipi kilipaswa kupigwa kwanza, yeye akiendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kidude shingoni, na Verdell akimwambia ashike usukani.

Seneta hakuzoea upesi. Siku ile aliyoletwa aliruka kutoka gari la Harlan akamwendea Ezell mkia ukipiga huku na huku, amefurahi, amenusa mikono na viatu na kukuta ni vile vile. Ezell akakiweka kidude shingoni akataja jina lake. Mbwa alirudi nyuma, manyoya ya mgongo yamesimama. Akaenda kujificha chini ya baraza, na huko ndiko alikolala.

Verdell alisema aachwe, njaa itamtoa. Ezell hakutaka njaa imtoe. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, alikaa kwenye ngazi za baraza na kusema neno moja kwa kidude, Seneta, akanyamaza, akalisema tena. Kutoka chini ya mbao hakukuja kitu. Machi ikapita hivyo. Watu walianza kulima, miti ya pichi ikatoa maua ikayamwaga.

Siku moja ya Aprili nilikuwa nimepita kuchukua mbegu za bamia. Ezell alikuwa ngazini kama kawaida. Alisema jina. Nikasikia kucha zikikwaruza, na dume lile likatoka polepole, vumbi limelijaa mgongoni, likanusa tundu la shingo, likanusa kidude. Kisha likalala juu ya miguu ya Ezell. Ezell alinionyesha kwa kidole kwamba mbegu ziko jikoni, niingie nizichukue mwenyewe.